Shubiri ya Mkono wa Kulia

Pazia lilishuka, likashuka, likafika mahali likakoma, kama mtu aliyesahau alikuwa akienda wapi. Chini yake kikabaki kipande cha dirisha kitupu, na katika kipande hicho ungeweza kuona mapipa ya taka ya nje, njia ya changarawe, na miguu ya watu wanaopita.

"Kwa hiyo mtu akiinama tu kufunga kamba ya kiatu," alisema Matroni, mkuu wa zahanati ile, "anamwona mama aliyejifungua kitandani."

Mama Shubiri alikuwa bado juu ya kiti, ameshika fimbo ya pazia, macho chini. Alikuwa amewashonea watu mapazia tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hajapata kuona pazia lake likining'inia juu ya kizingiti kama gauni la binti aliyerefuka ghafla.

"Labda ni hili moja," alisema.

"Ni yote, mama. Nimeyajaribu yote." Matroni alitoa mfukoni futikamba yake, ile ya kupimia watoto wachanga, akaivuta kutoka ukingo wa pazia hadi kizingitini. Madirisha madogo manne yalikosa sentimita sita kila moja. Ya kati manne, tisa. Yale mawili marefu, kumi na mbili. "Sasa, kitambaa nilikinunua mwenyewe. Nilikiona kikipimwa, na kilitosha, pamoja na pindo. Mimi si fundi, lakini najua kitambaa hakiyeyuki. Kilichopungua kiko mahali."

Hapo Mama Shubiri akashuka kwenye kiti. Nani asiyejua yanayosemwa juu ya mafundi cherehani na vitambaa vya watu? Kwamba ukitaka kujua fundi ana wateja gani, watazame watoto wake wamevaa nini. Maneno hayo yamewapitia mafundi wengi. Yeye yalikuwa hayajamgusa hata pindo.

"Kipande kipo," alisema. "Kilibaki. Kiko kwenye rafu yangu. Nilidhani mwenye duka alitupimia kwa ukarimu."

"Mh," alisema Matroni.

Akaizungusha futikamba kidoleni, taratibu. "Jengo la pili lina madirisha mengi kuliko haya. Nilitaka nikupe wewe. Niko hapa mpaka saa kumi, mama. Kama una neno la kuniambia, njoo uniambie kabla sijazungumza na mtu mwingine."

Maneno yote hayo Mama Shubiri aliyaacha pale pale zahanati. Ile "mh" ndiyo iliyomfuata mpaka nyumbani.

Jina lake hakupewa bure. Mafundi wengine hupima kwa futikamba. Yeye alipima kwa mkono. Hutandaza kitambaa mezani, hutanua vidole, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ndiyo shubiri, na mkono hutembea juu ya kitambaa kama kiwavi anayejua aendako. Alifundishwa na mama mkwe wake, siku zile bado ni bibi harusi anayeona haya hata kupiga chafya. Mama mkwe aliukamata mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya futikamba, akasoma: sentimita ishirini na tatu, si zaidi wala pungufu. "Basi," akasema. "Shubiri mbili ni mkono, shubiri nne ni wari. Futikamba hupotea, panya huila, watoto huifanya hatamu ya farasi. Hii hapa hutaiacha kwa jirani." Tangu siku hiyo, mteja akija na vipimo vyake vya sentimita, Mama Shubiri huvigawa kwa ishirini na tatu kichwani, na jibu huwa tayari kabla mteja hajapata pa kukaa.

Nyumbani alimkuta wifi yake, dada wa marehemu mume wake, amekaa mlangoni pa chumba cha cherehani anashona vifungo. Wawili hao walifanya kazi pamoja, mmoja kwa mkono na mwingine kwa ulimi.

"Umerudi na uso wa mtu aliyetafuna ndimu," alisema wifi. "Wamekulipa kwa ndimu?"

Akamweleza yote, pamoja na ile "mh". Wifi aliacha sindano ikining'inia kwenye uzi.

"Sema kimefuliwa, kikarudi," alisema. "Vitambaa vya siku hizi vyote vinarudi. Nani atabisha? Hata mimi nikifuliwa narudi."

"Hakijafuliwa."

"Kitafuliwa. Mbona una haraka?"

Mama Shubiri hakucheka. Alikiteremsha kile kipande kutoka rafuni, akakiweka mezani, akakaa mbele yake kama mtu aliyekaa mbele ya shahidi. Kama angekuwa amekosea pazia moja, sawa, hata jicho hupepesa. Lakini yote? Tena kwa mpangilio?

"Kitendawili," alisema.

"Huu ndio wakati wake? Haya, tega."

"Dirisha dogo limekosa sita. La kati limekosa tisa. Refu limekosa kumi na mbili. Mkosaji ni mmoja. Ni nani?"

"Mkasi wako."

"Mkasi ukipotoka hupotoka ovyo. Haukai ukasema, huyu ni mrefu, nimwibie zaidi."

"Basi nimeshindwa. Chukua mji wowote unaoutaka, uniambie."

"Sijui, wifi. Nakuuliza kweli."

Wifi alimtazama, kisha akavuta kopo lake la vifungo. Hesabu za kichwani hakuziweza, lakini vifungo alivijua. "Dirisha dogo ulilipima shubiri ngapi?"

"Nne."

Akapanga vifungo sita mbele yao, akavigawa mafungu manne. Kila fungu likapata kimoja, viwili vikabaki. "Hivi viwili tukivikata katikati, kila mmoja anapata nusu. Kimoja na nusu. La kati?"

"Shubiri sita."

Vifungo tisa, mafungu sita. Vikabaki vitatu, navyo, vikikatwa, vinatosha nusu nusu kwa wote. Kimoja na nusu. Wifi akaongeza vifungo, akapunguza sauti. "Refu?"

"Nane," alisema Mama Shubiri, lakini alikuwa ameshafika. Kumi na mbili kwa nane. Alikuwa ameshafika, na hakupapenda.

Kila shubiri ilikuwa imepungua sentimita moja na nusu. Kitambaa hakikuwa na hatia, duka halikuwa na hatia, mkasi ulikata pale ulipoambiwa ukate.

Wifi alifungua droo, akatoa futikamba iliyokuwa haijatumika muda mrefu hata imeshika mikunjo, akainyoosha mezani kwa viganja. Mama Shubiri akauweka mkono wake wa kulia juu yake. Akatanua vidole. Akatanua zaidi, mpaka kifundo cha kidole cha mwisho kikageuka cheupe. Lakini kile kidole hakikunyooka. Kilikaa kimejikunja, kama mtu anayesikiliza jambo upande wa pili wa ukuta.

Ishirini na moja na nusu.

"Tangu lini?" aliuliza wifi.

"Huuma asubuhi za baridi tu."

"Siku hizi asubuhi zote unaziita za baridi. Nimekuona ukikitia kwenye maji ya moto ukidhani nimelala."

Wakakipima na kile kipande. Sentimita themanini na nne. Madogo manne, sita sita, ishirini na nne. Ya kati manne, tisa tisa, thelathini na sita. Marefu mawili, ishirini na nne tena. Mama Shubiri alijumlisha, akarudia kwa kuanzia mwisho. Themanini na nne. Hakuna hata uzi uliokuwa umepotea. Vipande vikikatwa na kuungwa kwenye mapazia, na pindo likifunguliwa ili kufidia kitakacholiwa na mshono, kila dirisha lingefunikwa.

"Basi umepona," alisema wifi. "Mrudishie kipande chake. Na umwambie ni mimi niliyekata. Sema ulikuwa na homa, ukaniachia mkasi. Mimi sina jina la kuharibika, wifi. Mimi ni wa vifungo."

Mama Shubiri alimtazama huyu mwanamke ambaye kwa miaka yote walikuwa wakitaniana hata msibani, na ikambidi atazame pembeni.

"Nikisema ni wewe," alisema, "ataniamini. Na akiniamini, atanipa jengo la pili. Na madirisha ya jengo la pili nitayapima kwa nini? Si kwa mkono huu huu?"

"Kwa futikamba, kama watu."

"Na akiuliza, Mama Shubiri kulikoni leo unapima kwa futikamba?"

Wifi akavirudisha vifungo kwenye kopo, kimoja kimoja.

Saa kumi ilikuwa haijafika. Matroni alikuwa ofisini anafunga kabati. Mama Shubiri aliweka kipande juu ya meza, kikiwa kimekunjwa vizuri kama nguo ya mtoto, halafu pembeni yake akaweka mkono wake.

"Pima," alisema.

"Nipime nini?"

"Mkono. Kutoka hapa hadi hapa."

Matroni alimtazama, akatoa ile futikamba ya watoto wachanga, akapima. Mama Shubiri akamweleza mengine yote akiwa amesimama: ishirini na tatu ya zamani, moja na nusu ya kila shubiri, themanini na nne ya kipande. Alieleza kwa utulivu, kama anayesoma hesabu ya mtu mwingine. Kidole alikitaja mwisho.

Matroni hakukigusa kitambaa. Alikishika kile kidole kwa vidole vyake viwili, akakibonyeza kifundoni. "Hapa panauma?"

"Kidogo."

"Na hapa?"

"Hapo pana maneno."

"Baridi yabisi," alisema Matroni. "Hakitanyooka tena, mama. Tutatuliza maumivu, lakini kunyooka, hapana. Mbona hukuniambia asubuhi?"

"Asubuhi nilikuwa sijaambiwa na mimi. Nimeambiwa na vifungo."

Matroni hakuelewa, na hakuuliza. Alikaa kitako. Chumba cha pili mtoto alilia, akanyamazishwa. "Nilikudhania vibaya," alisema.

"Ningekuwa wewe ningedhani hivyo hivyo."

"Haya mafupi utayaunga?"

"Kesho yatakuwa marefu. Ila hilo jengo la pili," Mama Shubiri alivuta pumzi, "ukitaka kumpa mwenye mkono mzima, sitanuna."

Matroni alichukua funguo mezani, akatoka, na kwa kuwa hakumuaga, Mama Shubiri akamfuata. Walivuka ua. Jengo la pili lilinuka chokaa mbichi, na madirisha yake yalikuwa matupu kutoka mwanzo wa ukumbi hadi mwisho, jua la alasiri limelala sakafuni mbele ya kila moja.

Kwenye dirisha la kwanza Matroni alipanda juu ya ngazi ndogo iliyoachwa na wapaka rangi, akashikilia ncha ya futikamba juu ya fremu, akaiachia iteremke. "Shika huko chini, mama. Nisomee."

Mama Shubiri alivuta ncha ya chini kwa mkono wa kushoto mpaka ikakaza, akasogeza macho. "Mia moja thelathini na nane."

"Rudia."

"Mia moja thelathini na nane," alirudia, na kichwa, bila kuulizwa, kikasema shubiri sita. Matroni alikuwa akitafuta kalamu mfukoni. Juu ya kizingiti kilichokuwa bado na ubaridi wa saruji, mkono wa kulia wa Mama Shubiri ulikuwa umeshapanda wenyewe, gumba likiwa limegusa ukuta, vidole vimefunguka kadiri vilivyoweza kufunguka.