Barua ya Kusomwa Kesho

Chuo cha theolojia kilipoomba makaratasi ya Baba, Mama alicheka. "Wayachukue hata leo. Miaka hamsini nafuta vumbi juu ya maneno nisiyoyasoma."

Baba alikuwa mchungaji mmisionari. Alifungua makanisa kumi na moja kule ambako barabara za lami hazikufika, na kila siku aliandika kwenye daftari. Sasa macho yake yalikuwa hayaoni, kwa hiyo mimi, binti yake mkubwa, ndiye niliyemsomea. Tulikaa sebuleni katikati ya maboksi, yeye akinitajia cha kuandika juu ya kila bahasha: mahubiri, orodha za ubatizo, picha.

Siku ya tatu nilifungua daftari la kijani, nikasoma bila kufikiri: "Jumamosi. Nimefika salama. Nimebatiza watu arobaini na mmoja. Dereva wa lori ameniletea barua kutoka nyumbani. Nimechoka. Nitaisoma kesho."

Nikaitazama tarehe juu ya ukurasa. Tarehe ile niliijua. Mdogo wangu, tuliyemwita Askofu kwa sababu ya kitambi chake, alishikwa na homa wiki hiyo. Hospitali ilikuwa mbali, na pikipiki ya misheni alikuwa nayo Baba, mwendo wa saa nne. Askofu alifariki Jumapili alfajiri. Sikuzote Baba alituambia kwamba barua ya kumwita ilimfikia Jumapili, akaondoka papo hapo.

"Rudia hapo pa barua."

Alikuwa Mama, mlangoni, na sinia la chai. Nilirudia. Aliweka sinia mezani, vikombe vikigongana.

"Nilidhani ni habari za paa," Baba alisema. "Kila barua ilikuwa ya paa linalovuja."

"Kwa nini ulisema Jumapili?"

"Niliogopa utaniacha."

"Ningekuacha kweli."

Nikasema naweza kuuchana ule ukurasa, nani atajua? Baba akatikisa kichwa. Alipapasa hewani akiutafuta mkono wa Mama, asiupate. "Mama watoto, nisamehe."

"Barua iliyochelewa nilikwisha kuisamehe zamani," Mama akasema. "Hii iliyofika ikalala bila kusomwa, nipe muda."

Maboksi yalikwenda chuoni wiki iliyofuata, daftari la kijani likiwa ndani. Mama mwenyewe ndiye aliyeyafunga kamba.

Baba aliishi miezi mitano zaidi. Mama alimlisha, alimnyoa ndevu, alimgeuza kitandani asipate vidonda. Neno kali halikumtoka. La barua pia halikumtoka. Kila asubuhi, Mama akiwa uani, Baba aliniita karibu na kuniuliza, "Mama yako amesema lolote?"

"Bado, Baba."

Nilikuwa nasema kweli, kama alivyotufundisha. Siku hizi natamani ningemdanganya, hata mara moja tu.