Toleo Jipya na Kiti cha Dirishani

Mjukuu wangu wa kike ni fundi simu. Meza yake ya kazi ilikuwa kwenye kona ya sebule, mahali penye giza, na skrubu anazofungua ni ndogo kuliko punje ya ufuta. Kwa miezi mitatu alikuwa akikimezea mate kiti changu cha dirishani. Mimi nami sikuwa tayari kukiachia. Mwanga uko pale, na gazeti langu nalisoma lote, hadi matangazo ya viwanja.

Jumamosi asubuhi aliingia mbio, viatu mkononi.

"Babu, toleo jipya la mfumo wa simu limetoka! Mambo mapya ishirini na matatu! Dunia imegeuka!"

"Imegeukia wapi? Lete nione."

Shule ya jioni ilinifundisha kwamba hoja husomwa mpaka mwisho kabla ya kupingwa. Nikachukua lenzi yangu, nikaanza kusoma orodha kwenye simu yake.

"Alama za kwenye kioo zimebadilishwa rangi. Huyo ni mpaka rangi, si mvumbuzi. Saa inaendelea kuonekana simu ikiwa imelala. Kwani ile ya ukutani imelala lini? Simu sasa inaongea Kiswahili. Kasuku wa jirani anaongea, tena anatukana."

Mjukuu alicheka mpaka akashika meza, lakini hakusalimu amri. "Ruka yote hayo, nenda la mwisho. Mtu usiyemjua akipiga, simu inapokea yenyewe. Inamuuliza jina na shida yake, inakuandikia kwenye kioo, ndipo unaamua kupokea au kukataa. Hilo uliliona wapi?"

"Nimelioa."

Mke wangu, aliyekuwa akikunja nguo, alikohoa. Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye swichibodi ya kiwanda cha sabuni. Hakuna simu iliyomfikia meneja bila kupita kwake. Aliuliza jina, akauliza shida, akaandika kwenye kikaratasi na kukipenyeza kwenye kidirisha cha meneja.

"Basi tuwekeane dau," mjukuu akasema. "Likiwa jambo jipya kweli, kiti changu. Likiwa la zamani, kiti sikitaji tena maishani."

"Na hakimu ni bibi yako," nikadakia. Nilijiona nimeshashinda, maana hakimu mwenyewe ndiye alikuwa shahidi wangu.

Mjukuu akafuta namba yangu kwenye simu yake ili nionekane mgeni, akaiweka mezani. Nikapiga kwa simu yangu ya vitufe, nikampa hakimu.

Sauti nyororo ikasema, "Tafadhali taja jina lako na sababu ya kupiga."

Mke wangu akanyoosha mgongo kama aliyerudishwa kazini. "Wewe ni nani?"

"Samahani. Tafadhali taja jina lako na sababu ya kupiga."

"Mimi ndiye ninayeuliza hapa! Miaka thelathini na moja!"

Kioo kikaandika: Mpigaji, Mimi Ndiye Ninayeuliza Hapa. Sababu, miaka thelathini na moja.

"Asante. Subiri kwenye laini."

"Subiri wewe!"

Mjukuu alikuwa ameshaanguka sakafuni, machozi yanamtoka. Mimi najipiga mapaja. Nikainyakua simu, nikapiga upya ili nimalize kazi.

"Karani wa ghala," nikasema kwa sauti ya ujana wangu. "Masanduku mawili ya sabuni yamepungua."

Ndiyo maneno niliyomwambia mke wangu kwa simu kutoka ghala la kiwanda kile kila Jumanne, mwaka mzima, kabla hajawa mke wangu, ili tu nimsikie akiongea. Hakuna sanduku lililopungua hata siku moja.

Kioo kikaandika neno kwa neno.

"Umeona?" nikamwambia hakimu. "Ni wewe mtupu. Toa hukumu."

Akasoma, akarudia kusoma. "Mimi sikuandika hivi."

"Uliandikaje?"

"Niliandika, 'Ni yule tena. Hana shida ya sabuni.'"

"Kumbe meneja alijua?"

"Meneja tu? Mpaka mpishi wa kantini! Kila Jumanne walijazana mlangoni kusikiliza unavyohangaika na masanduku yako."

Miaka arobaini na minane nimejisifia ujanja ule! Masikio yaliniwaka moto, kisha kicheko kikanikamata na mimi, nusura kininyime pumzi.

"Hukumu," mke wangu akasema, mkono juu. "Kuuliza si jambo jipya. Kuandika si jambo jipya. Lakini tangu nizaliwe sijaona kiumbe kinachomsikiliza mume wangu na kuamini kila anachosema. Sasa wamekitengeneza. Huo ni uvumbuzi. Mke mwenzangu, chukua kiti."

"Nakata rufaa!"

"Mahakama imefungwa. Ina nguo za kukunja."

Ahadi ni deni. Nikabeba gazeti langu, nikahamia kwenye kigoda cha konani. Mjukuu alishavuta meza yake hadi dirishani, anapanga bisibisi kwenye mwanga huku akiimba. Nikatoa simu yangu ya vitufe, nikapiga.

"Tafadhali taja jina lako na sababu ya kupiga."

"Karani wa ghala. Kiti kimoja kimepungua."

Mjukuu akasoma kioo, akamgeuzia bibi yake naye asome.

"Ni yule tena," mke wangu akasema.

Wakabonyeza kukataa, vidole viwili kwa pamoja.