Siku Mama Taarifa Aliposoma Wasifu Wake

Saa tisa kasorobo alasiri, siku tisa baada ya mazishi yake, Mama Taarifa alifika kwenye geti la kituo cha televisheni akitembea kwa miguu. Mlinzi alimwamkia, kisha akamwomba kitambulisho.

"Walikichukua siku nilipostaafu, mwanangu."

"Basi nitakuandika mgeni. Utaratibu sikuutunga mimi, mama."

Akafungua daftari la wageni. Penye "anakotoka" aliandika makaburini, na penye "shughuli" akaandika kazi. Halafu akamwonyesha zulia la kukung'utia udongo wa viatu.

Ghorofa ya pili, katika chumba cha kujipambia, Dada Poda alikuwa ameshatandika taulo kwenye kiti. Saa kumi kamili kulikuwa na kipindi cha moja kwa moja cha kumkumbuka marehemu, na watangazaji watatu waliojaribu kuusoma wasifu wake walikuwa wamekwama njiani kwa kilio. Kwa hiyo ilionekana sawa tu kwamba angekuja kuusoma mwenyewe. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kukosa zamu.

"Umekuwa wa baridi, dada," Dada Poda alisema alipomgusa shavu.

"Kule hakuna jua, mdogo wangu."

Poda ya zamani haikumshika. Dada Poda alichanganya nyingine, nyeusi zaidi kidogo, akatoa kwa kitana udongo uliokuwa umeingia kwenye nywele. Fundi sauti alipita akambania maiki kwenye ukosi wa koti, akasikiliza, akafurahi. "Leo sauti safi kabisa, mama. Zamani mapigo ya moyo yalikuwa yananisumbua."

Kwa miaka ishirini na sita Dada Poda ndiye aliyempamba Mama Taarifa, na kila siku mambo yalikwenda vilevile. Mtangazaji aliketi, akafumba macho apakwe, akayafumbua, kisha akaisoma taarifa nzima kwa sauti kutoka kwenye karatasi, kabla Mhariri hajaja na kalamu yake nyekundu. Kwa namna hiyo Dada Poda alizisikia habari ambazo nchi haikuzisikia. Usiku alizimeza, asubuhi akaendelea na maisha. Watu walikuwa wakimtania kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa anapata taarifa kamili.

Ni siku moja tu ambayo Mama Taarifa hakusoma kwa sauti. Alisema koo linamuuma. Dada Poda alimchemshia maji, akamwekea asali.

Sasa alianza kuusoma wasifu wake. Alisoma kuhusu jioni umeme ulipokatika naye akaimaliza taarifa kwa mwanga wa tochi. Alisoma kuhusu barua za watazamaji waliokuwa wakirekebisha saa zao kwa salamu yake. Akafika ukurasa wa tatu: "Lakini wengi watamkumbuka zaidi kwa siku ile jengo la ghorofa saba lilipoanguka karibu na stendi. Kwa sauti yake ya utulivu aliwatoa watu hofu, akiwaarifu kwamba hakuna aliyepoteza maisha."

Akaishusha karatasi mapajani.

"Walikuwa arobaini na mmoja," alisema. "Orodha ililetwa na waokoaji. Halafu simu ikapigwa kutoka juu, Mhariri akaifuta orodha yote kwa kalamu yake. Alfajiri wakaleta zege, wakafukia."

Dada Poda aliendelea kupaka. Habari za namna hiyo alikuwa amezizoea.

"Siku ile koo halikuwa linaniuma," Mama Taarifa alisema.

Brashi ilianguka. Dada Poda aliitazama pale sakafuni kama kitu cha mtu mwingine.

Mume wake alikuwa fundi rangi wa kuitwa siku kwa siku. Akitoka asubuhi, hakujua mchana atapaka ukuta wa nani. Miaka kumi na minane iliyopita alitoka na ndoo yake, asirudi. Dada Poda hakwenda kumtafuta kwenye jengo lile, kwa sababu taarifa ilisema hakuna aliyekufa, na uso uliosema hivyo alikuwa ameupamba yeye. Wiki iliyofuata jirani alisema alimwona akipanda basi na mwanamke mnene. Wiki ya pili mwanamke huyo alikuwa na jina na mtaa. Binti yao, aliyekuwa na miaka miwili, alikua akimwita baba yake "yule mhuni", na alipofikisha umri wa kitambulisho akaenda ofisini kuomba jina la baba liondolewe.

"Wa ngapi?" Dada Poda aliuliza.

"Wa kumi na sita. Waliandika: fundi rangi, ghorofa ya tatu. Nilipoliona jina nililijua, ulikuwa unalitaja kila siku. Ningesomaje, nawe umenishika uso?"

"Na viatu vya shule ulivyokuwa unamnunulia mwanangu?"

Mama Taarifa aliikunja karatasi ya wasifu. "Kule chini yeye ndiye wa kwanza kunisalimia," alisema. "Ananiita shemeji. Rangi nyeupe bado iko kwenye kucha. Wale wengine hawasemi kitu, wananitazama tu. Siwezi kulala, mdogo wangu. Majina ninayo yote kichwani. Leo nitayasoma."

Dada Poda alitoka kwenye korido akampigia binti yake, aliyekuwa kazini kwenye karakana ya ushonaji. Ilibidi abonyeze namba mara tatu.

"Washa tivii hapo kazini saa kumi. Baba yako atatajwa."

"Kwani amekamatwa?"

"Washa tu, mama yangu. Nakuomba."

Aliporudi, Mhariri alikuwa mlangoni na kalamu yake. Alimwamkia marehemu kwa heshima, akamsifia koti. Dada Poda akamwambia kuhusu yale majina.

"Dada Poda," Mhariri alisema kwa upole, "hiyo habari ina miaka kumi na minane. Si habari tena." Akaitazama saa. "Twende, mama, tumebakiza dakika nne."

Saa kumi kamili taa nyekundu iliwaka. Dada Poda alisimama nyuma ya kamera akiwa ameshika taulo kwa mikono miwili. Mama Taarifa alikuwa amekaa wima, hapumui, hapepesi macho, na kwenye kioo kilicho mbele ya kamera maandishi yalikuwa yanapanda taratibu. Alisoma kuhusu tochi na kuhusu zile barua. Akafika kwenye jengo. Hapo alinyamaza, midomo ikafunguka, na Dada Poda akaliona jina la kwanza likiwa limeshakaa mdomoni.

Maandishi yalipanda mstari mmoja. Macho yake yakayafuata, na mdomo ukayafuata macho.

"Kwa sauti yake ya utulivu aliwatoa watu hofu," Mama Taarifa alisoma, "akiwaarifu kwamba hakuna aliyepoteza maisha. Narudia: hakuna aliyepoteza maisha."

Kurudia hakukuwa kumeandikwa. Yalikuwa mazoea yake kwa habari kubwa.

Baada ya kipindi watu walipiga makofi. Aliketi tena kwenye kiti, na Dada Poda akamfuta uso kwa pamba mpaka ngozi ikabaki kama ilivyokuja.

"Nimesoma iliyoandikwa," Mama Taarifa alisema.

"Nimesikia, dada."

Akashuka ngazi. Mlinzi aliandika saa ya kutoka, akamtakia safari njema.

Simu ilimkuta Dada Poda akizibua sinki.

"Mama, nimetazama mpaka mwisho. Watu wote huku wamesimamisha vyerehani ili nisikie."

"Nisikilize, mwanangu. Baba yako alikuwa ndani ya lile jengo. Hakutukimbia. Alikuwa ghorofa ya tatu, anapaka rangi."

Binti aliguna.

"Mama, amesema hakuna aliyekufa. Amesema mara mbili, nimemsikia kwa masikio yangu. Yule mama ametoka kaburini kuja kusema, wewe unataka nimwite mwongo? Basi yuko hai. Yuko mahali anakula na kucheka, na simu kutupigia hataki."

"Mwanangu..."

"Yaishe, mama. Mimi sikulia."

Nyuma yake cherehani kimoja kilianza, kikafuata kingine, kisha vyote, na Dada Poda, simu ikiwa sikioni, akaanza kuyataja majina kwa sauti kuanzia la kumi na sita, kwa kuwa hilo ndilo pekee alilolijua.