Mkono wa Kulia wa Fundi Nati

Saa tatu asubuhi Fundi Nati alikuwa ameilaza feni kifudifudi mezani, bisibisi mkono wa kulia, na mbele yake simu imeegemezwa kwenye kopo la misumari. Aliyeiegemeza ni shemeji yake, msusi wa saluni ya upande wa pili wa barabara. Tangu dada yake, mke wa Fundi, afariki wodini, mwaka mmoja na miezi miwili sasa, alikuwa akipita kila asubuhi kuhakikisha huyu mgane ameoga.

"Shemeji, cheka kidogo. Watu watadhani umewafumania."

"Nilicheka jana."

Akaunti ya mtandaoni aliifungua msusi, na kanuni akaitoa yeye: usiwaombe watu wakufuate, wajibu tu. Mtu akiuliza, mjibu kana kwamba amepiga hodi hapo mlangoni. Fundi aliishia darasa la nne, akaandika kama anavyosema, kwa kidole kimoja. Alimjibu kila mtu. Aliyeuliza habari za pasi wiki iliyopita aliulizwa wiki hii kama goti la mama yake limepoa. Hakutoza kitu. Na kwenye simu za video hakukata hata siku moja kabla ya mwenzake kukata.

Hilo la kutokata lilikuwa na sababu yake. Siku ile mkewe alimpigia kutoka wodini akamwambia mashine ya oksijeni imenyamaza. Fundi alikimbia mpaka getini, simu sikioni, fyuzi mpya mfukoni, na mlinzi akamzuia kwa kuwa jina lake halimo kwenye orodha ya mafundi wa wakubwa. Alikata simu ili agombane na mlinzi vizuri. Alipopiga tena, hakukuwa na wa kupokea.

Walipofika wafuasi elfu arobaini, mshonaji mmoja wa mji wa mbali alishindwa kuipata skrubu nyuma ya cherehani yake. Fundi alimwelekeza mara tatu.

"Hebu sogeza simu," alisema mwishowe, akaingiza mkono kwenye kioo mpaka kwenye kifundo, akapapasa, akakaza skrubu, akautoa. Kidole cha shahada kilikuwa kimeng'ang'aniwa na uzi wa bluu.

"Asante baba," alisema mshonaji. "Umekunywa chai lakini?"

Msusi alikiangalia kioo. "Hakijapasuka?"

"Hakijapasuka."

"Basi ujue kunawa mikono kabla ya kuingia kwa watu."

Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi. Alikaza, akachomelea, akazibua. Watu walimtilia kiganjani peremende, vipande vya sabuni, picha za watoto wao. Mzee mmoja aliyeishi peke yake hakuwa na kilichoharibika, alitaka kushikwa mkono tu. Fundi alimshika saa nzima, huku akila kwa kushoto.

Jumanne moja aliandika nesi wa wodi ya sita, alikofia mkewe. Alisema siku ile alikuwepo. Mashine bado ipo pale pale, imefunikwa shuka, na juu yake pana karatasi: Inasubiri Saini. Na kitanda cha jirani kina mama mwenye watoto wanne, anavuta pumzi kama anayepanda ngazi.

Fundi alimpigia. "Saini ya nani?"

"Ya mkurugenzi."

"Yuko wapi?"

"Semina."

"Na siku ile alikuwa wapi?"

"Semina."

"Hiyo hiyo?"

Nesi alifikiri. "Nadhani ilikuwa nyingine."

Fundi alitoa kwenye koti fyuzi ile ile ya siku ile. Alikunja mkono wa shati, akanawa, akaingia mpaka kwenye kiwiko. Mashine aliijua kwa vidole, kwani kichwani alishaitengeneza mara nyingi. Aling'oa fyuzi iliyoungua, akapachika mpya, akabonyeza swichi. Ikanguruma. Nesi akamvisha mama yule mipira ya puani, na baada ya dakika chache mama akaacha kupanda ngazi. Akaupapasa ule mkono uliokuwa kando ya mto wake, akaushika.

"Fundi, toa mkono," nesi alinong'ona. "Matroni anakuja."

"Hajaniachia."

"Mvute tu!"

"Mimi siondoki wa kwanza."

Matroni alifika, akaichukua simu, akaikata. Kioo kilijifunga taratibu kwenye kiwiko cha Fundi, kama mlango wa kabati. Hakikuuma. Simu yake ikawa imekaa pale mwisho wa mkono kama bangili, na mkono ukabaki wodini.

Mchana huo nesi alipiga kwenye simu ya msusi, akawaeleza utaratibu. Mashine imetengenezwa bila saini, kwa hiyo haiwezi kutumika mpaka isainiwe kwamba iliharibika. Ikapelekwa stoo. Mkono, mama alipouachia, ulikuwa umekamata mpini wa mashine na haukubali kubanduka, ukapelekwa nao. Mtunza stoo akaandika kwenye daftari: Mkono mmoja, wa kulia, mzima. Mama mwenye watoto wanne alifunguliwa dirisha. Alhamisi kitanda chake kilitandikwa upya.

Wafuasi walikasirika kwa dhati. Watu elfu arobaini waliandika barua, kila mmoja kwa maneno yake, na watu elfu arobaini walijibiwa kwamba barua yako imepokelewa. Mshonaji alituma glavu ya kitambaa cha bluu, ya mkono mmoja, ipelekwe stoo kwa sababu ya baridi. Ilipokelewa getini.

Mwezi uliofuata mkurugenzi alirudi. Aliposikia kwamba mkono ni wa mtu maarufu, aliingia stoo na mpiga picha, akaushika. Fundi alikuwa mezani kwake wakati huo.

"Kuna mtu ananisalimia," alimwambia msusi.

"Nani?"

"Mkubwa. Kiganja laini kama mkate wa jana. Hakina hata alama ya kalamu."

"Minya, shemeji."

"Nimeshaminya. Ameondoka."

Picha ilisambaa sana. Akaunti ikafika laki moja.

Sasa Fundi anajibu watu kwa mkono wa kushoto, kwenye simu aliyoachiwa na msusi, na bado hakati kabla ya mwenzake. Kila asubuhi, akishammwagia maji ya kuoga, msusi humuuliza habari za kule stoo.

"Vumbi. Na chuma baridi."

"Fyuzi je?"

Huko gizani vidole vya Fundi hupita nyuma ya mashine, vinagusa, vinakaza.

"Nzima."

Kisha vidole hurudi kwenye swichi vikatulia juu yake, na yeye huinamia simu kumjibu mtu aliyeuliza kwa nini pasi yake haipati moto.