Mjomba Getini

Saa kumi alasiri, katika karakana ile ya kushona sare za wauguzi, cherehani zote nne zilinyamaza. Sheria ilikuwa ya Shangazi, mwenye karakana: fanya kazi kwa bidii tangu asubuhi, lakini tamthilia ikianza, mguu utoke kwenye pedali. Runinga ilikaa juu ya kabati la nyuzi, na ili uione vizuri ilibidi upande juu ya marobota ya vitambaa.

Tamthilia yenyewe ilimhusu tajiri mmoja, mke wake wa pili, na watoto watatu walioachwa na marehemu mke wa kwanza. Hao ndio waliosemwa mji mzima. Pale karakana walikuwa na mtu wao mwingine kabisa, bawabu wa nyumba ya tajiri huyo. Alikuwa mzee mwembamba ndani ya koti kubwa, na kwa miaka miwili kazi yake ilikuwa kufungua geti, kusema "Karibu, bosi," na kulifunga.

Mpiga pasi, waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzima, ndiye aliyeanzisha utani.

"Ile nyumba ni ya bawabu. Tajiri ni mpangaji tu. Hati iko ndani ya koti, ndiyo maana halivui hata jua liwe la kupasua mawe."

"Yule ni mpelelezi," alisema Shangazi. "Tazama macho yake. Anahesabu wanaoingia."

Mama Pacha, mshona vifungo na pindo, hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mjane mwenye mabinti wawili mapacha, na kutwa nzima alikuwa ameibana sindano kwa midomo. Siku hiyo aliitoa.

"Mtoto mkubwa akija, bawabu anafungua kwa mikono miwili. Wengine wote, mkono mmoja."

Hakuna mwingine aliyekuwa ameliona hilo. Wakatazama wiki nzima, na kweli, ikawa hivyo hivyo. Redio akadai labda geti ni bovu. Mama Pacha hakubishana naye. Akasema tena kwamba mama wa kambo akipita, bawabu hutazama chini, na siku watoto walipomtaja mama yao, alikuwa amevua kofia.

"Ni mjomba wao," alisema. "Marehemu alikuwa dada yake. Tajiri anajua, ila watoto hawajui. Kaambiwa akitaka kuwaona, akae getini na afunge mdomo."

Shangazi alimgeukia. "Lisemwalo lipo," akasema taratibu, "na kama halipo, laja."

Tangu hapo bawabu akawa Mjomba. Redio alimwamkia kila alasiri, na akichelewa kuonekana, walimtafutia udhuru: kaenda kwenye kaburi la dada, au kampelekea mdogo karo bila baba kujua.

Asubuhi moja ya mvua mtu akapiga hodi. Alitoa koti kwenye mfuko wa plastiki, akalitandaza juu ya meza ya kukatia.

"Naomba mnipunguzie mikono. Inanimeza."

Mama Pacha alilitambua koti kabla ya mtu. Kifungo cha tatu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi, vingine kwa wa kahawia, na jambo hilo lilikuwa limemkera kwa miaka miwili. Aliinua macho polepole. Redio naye akageuka, akatazama, akaisahau pasi juu ya suruali hadi moshi ulipopanda.

"Shikamoo, Mjomba," ikamtoka.

Yule mzee aligeuka kutazama kama kuna mtu nyuma yake. "Marahaba," akasema kwa mashaka.

Wakampa kiti na chai. Alikuwa na aibu ya mtu ambaye hajazoea kutazamwa. Yeye, alisema, hakuwa mwigizaji. Alikuwa seremala wa pale wanaporekodi. Mwigizaji aliyepewa ubawabu aliugua siku ya kwanza, wakamvika yeye koti, na hakuna aliyekumbuka kumvua.

"Na mikono miwili?" aliuliza Mama Pacha. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Geti ni la mbao nyepesi, nililipiga misumari mwenyewe. Yule kijana mkubwa anaendesha kwa fujo. Nalishika lisiangukie gari."

Redio akajipiga paja. "Si nilisema?"

"Na kofia?" aliuliza Shangazi.

"Ilikuwa imeloa. Niliianika."

Mama Pacha akashika koti, akaanza kufumua mkono wa kushoto ili apate pa kuficha uso. Lakini mzee hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Mlisema mikono miwili kwa nini?"

Ikabidi Mama Pacha aseme mwenyewe, macho kwenye mshono. Alimweleza kuhusu dada, sharti la tajiri, watoto wanaopita kila siku mbele ya damu yao bila kuijua. Mzee alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani.

"Huyo dada," aliuliza baadaye, "alikufa vipi?"

"Uzazi. Wa yule mdogo."

"Na mimi nilikuwepo?"

"Ulifika asubuhi yake. Ulichelewa."

Mzee aliitazama sindano mpaka mikono yote miwili ya koti ikaisha kupunguzwa. Alipolivaa, lilimkaa sawasawa. "Miaka miwili nimesimama pale," alisema mlangoni, "nikidhani nalinda mbao."

Mwezi ulipita. Kisha, alasiri moja, kwenye tamthilia, mama wa kambo akamfukuza mtoto mkubwa. Kijana akashuka ngazi na sanduku. Karakana nzima ilijua sasa bawabu atafungua geti, na wote walikuwa wakitazama mikono yake.

Mikono haikwenda kwenye geti. Mzee alisimama mbele ya kijana, akamtazama toka unyayo hadi utosi, kama mtu anayepima alivyokua. Kisha akasema neno ambalo halikuwa "Karibu, bosi."

"Umekula?"

Ilionekana wazi kwamba kijana hakulitarajia. Alifungua mdomo, maneno yake yakampotea, akaketi juu ya sanduku na kulia kilio ambacho hakikuwa cha kuigiza. Kamera haikuzimwa. Mzee aliinama akamshika begani, basi.

Shangazi alikuwa amejishika kifua. Mama Pacha aliona vinyweleo vyake vimesimama toka kiwiko hadi bega, akavitazama kana kwamba mkono ule si wake.

Jumamosi alikwenda kununua dawa ya kikohozi ya mabinti. Kwenye foleni, mbele yake, wanawake wawili asiowajua walikuwa wakibishana.

"Ni mjomba wao yule, nakwambia."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Mtu mwingine atamuuliza mtoto vile?"

Yule wa pili akafikiri, akakubali kwa kichwa. Mama Pacha aliukaza mtandio wake. Foleni ikasogea, naye akasogea nayo, miguu yake mepesi kama ya mtu aliyetoka kuoga.