Rangi ya Mabehewa

Alhamisi, tarehe 7 Novemba 2024. Mvua ya kwanza ya kweli ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi ile Lubumbashi iliamka na joto la mvuke, mawingu mazito juu ya Kampemba na matope mekundu hadi vizingitini. Ilikuwa hali ya hewa mbaya kwa kuta za zamani. Papa Pierre hakulitambua hilo, kwa kuwa alikuwa anasali.

Alisali kwa sauti, kama kawaida yake, amepiga magoti sebuleni mbele ya ukuta mwekundu. Aliwaombea majirani zake, kila mmoja kwa jina lake na kwa kosa lake: Mama Agnès mwenye mdomo, Djo aliyekwangua mlango wake mkavu ingawa alikatazwa, na wengine wote waliokuwa wagumu wa kuelewa agizo jipya.

"Bwana, fungua macho yao," aliomba, "waone hatari waliyo nayo ndani ya nyumba."

Agizo lenyewe lilikuwa rahisi. Nyumba zote za kambi ya zamani ya wafanyakazi wa reli, zilizojengwa kabla ya uhuru, zilipaswa kukaguliwa. Rangi za siku zile zilichanganywa na plomb, yaani madini ya risasi, ambayo yakiingia katika damu ya mtoto humharibu mwili na akili. Ukuta wenye plomb haukuruhusiwa kukwanguliwa ukiwa mkavu. Vumbi lake halikuruhusiwa kufagiliwa. Lilifutwa kwa kitambaa chenye maji. Mtoto hakutakiwa kulala wala kucheza mle ndani, na mlangoni ilibandikwa karatasi ya njano yenye neno HATARI mpaka ukuta ufunikwe.

Kamati ya Nyumba Salama, iliyosimamia mambo hayo, ilitafuta katika kila mtaa mtu wa heshima wa kuwaelezea wenzake. Mtaa ule ukamchagua Pierre. Alikuwa mjane, mstaafu wa reli, kiongozi wa shirika, yaani ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wanaosali nyumba kwa nyumba, na juu ya hayo alikuwa na sauti.

Na kwa kweli alifanya kazi. Alizunguka na karatasi zake za njano na kopo la gundi, akaeleza, akakemea, akanukuu Maandiko. Kwa Mama Agnès, jirani yake wa karibu kabisa, alirudi na kurudi mpaka yule mama akachoka, akafunika kuta zake za kijani kwa triplex, zile mbao nyembamba za kubandika.

"Weye unanizika mu sanduku nikingali muzima," alilalamika Agnès siku ile, amesimama katikati ya mbao.

"Ni kwa ajili ya bajukuu, Mama."

"Bajukuu yangu iko Likasi!"

"Batakuja," alijibu Pierre, akabandika karatasi.

Nyumba moja tu haikuwa imekaguliwa bado, nayo ilikuwa ya Pierre mwenyewe. Daima kulikuwa na sababu: mara msiba, mara Ekaristi, mara funguo zimepotea. Sababu ya kweli ilikuwa ule ukuta.

Baba yake, Mzee Mumba, alitoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi katika karakana ya mabehewa. Zamani zile, mfanyakazi aliyempendeza mkubwa wake alipewa rangi iliyobaki, ile nyekundu nzito inayopakwa kwenye chuma ili kisishike kutu. Wenzake walipaka milango au viti. Mzee Mumba alipaka ukuta mzima wa sebule, na kambi yote ikaja kuushangaa. Mbele ya ukuta ule Pierre alipigwa picha ya komunyo ya kwanza, alioa, na alimlilia mke wake. "Hii rangi iko na plomb mingi," mzee alikuwa akijigamba mbele ya wageni. "Kutu haiwezi kuigusa!"

Pierre aliyarudia maneno hayo maisha yake yote. Kisha akaenda kwenye mafunzo ya Kamati, akaambiwa kwamba plomb ni sumu, akaamini kwa moyo wote. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwake kama wapangaji wawili wa ua mmoja wasiosalimiana. Plomb ya majirani ilikuwa sumu. Plomb ya baba yake ilikuwa urithi.

Hodi ilipopigwa, alikuwa bado anamalizia Salamu Maria. Ilikuwa zamu yake sasa. Mkaguzi wa Kamati, Zakari, kijana mpole kutoka familia ya Waislamu wa Maniema, aliacha viatu vyake vya matope mlangoni, akaingia na kisanduku.

"Jambo, Papa. Leo haiko msiba?"

"Leo hapana. Karibu, mutoto yangu."

"Mashine ya kuona ndani ya ukuta iko moja tu, na iko ku réparation, banaitengeneza. Tutatumia hii."

Akatoa kijiti chenye pamba na dawa. Ukikisugua ukutani kikageuka chekundu, plomb ipo. Akasugua. Kijiti kikawa chekundu. Zakari akakitazama, akautazama ukuta, akakitazama tena.

"Papa, sijue kama ni plomb, ao ni rangi yenyewe inatoka."

"Inatoka," alisema Pierre upesi. "Ni mvua."

Kijiti cha pili kikafanya vilevile. Zakari akakuna kichwa. Karatasi yake ilikuwa na majibu mawili tu, na ukuta ulikuwa mwekundu mno kukubali lolote kati yake.

"Papa, hii rangi ilitoka wapi?"

Tangu Pierre alipochaguliwa kiongozi wa shirika hakuwa amesema uongo, na hakutaka kuanza siku ya Alhamisi, shirika likiwa linakuja kusali kwake jioni.

"Ni ya familia," alisema.

Lilikuwa neno la kweli kabisa. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kumpatia kweli iliyomfaa.

Zakari akaandika cheti cha muda: hakuna hatari iliyothibitishwa. "Mashine ikipona nitarudi," alisema akivaa viatu. "Ila kama mutoto anacheza humu, mumutoshe inje tu, Papa. Hata bila mashine."

"Njo vile, njo vile," alikubali Pierre, akifunga mlango.

Mtoto alikuwepo. Imani, mjukuu wake wa miaka miwili, alikuwa ameamka na kukaa kwenye mkeka na kikombe chake cha uji. Yeye na mama yake, Syntiche, binti ya Pierre, waliishi pale wakati baba wa mtoto akifanya kazi Sakania, na tangu Imani azaliwe Pierre hakula chakula cha asubuhi peke yake hata mara moja. Siku hizi mtoto alikuwa mzito. Alilalamika tumbo, alisinzia mchana, na maneno aliyokuwa amejifunza yalianza kumpotea. Pierre alikuwa anamuombea kila siku, mbele ya ukuta.

Akatafuta nyundo. Cheti kama kile hakikuwa cha kuweka sandukuni. Kilistahili katikati ya ukuta, mgeni akiingia akione. Akapiga msumari. Ukuta uliolowana usiku kucha ukajibu: gamba la rangi pana kama kiganja likabanduka, likaanguka, likavunjika juu ya mkeka.

Imani akaokota kipande, akakitia mdomoni. Hakukunja uso. Alikitafuna kama mtu anayekutana na chakula anachokijua, akamtazama babu yake na kutabasamu.

"Tamu," alisema.

Pierre akakitoa kile kipande kwa kidole. Kisha akainama, akavuta kiti kirefu kutoka ukutani. Nyuma yake, chini, kwenye kimo cha mtoto wa miaka miwili, rangi ilikuwa imeliwa hadi kwenye saruji. Lile doa alilijua. Alikuwa amewasingizia panya, na mtego aliouweka ulikuwa bado pale, na kipande chake cha samaki mkavu ambacho hakuna aliyekigusa.

Kwa kuchanganyikiwa akachukua fagio, akaanza kufagia. Vumbi jekundu lilikuwa limejaa hewani Syntiche alipoingia kutoka hospitali.

"Papa, acha fagio."

Aliacha. Binti yake akamnyanyua mtoto, akampeleka nje uani, akamnawisha mikono na uso. Ndipo akasimama mlangoni.

"Majibu ya damu ilitoka. Imani iko na plomb mu damu. Mingi. Docteur ananiuliza: mutoto anachezea wapi? Nikamwambia, kwa babu yake, njo mukubwa wa plomb mu mutaa."

"Anasema atapona?"

"Kama tunamutosha haraka mule ndani, na tunarudia kupima, iko tumaini. Akiendelea kula, hapana." Macho yake yakaangukia cheti kilichoning'inia juu ya kidonda cha ukuta. Akakisoma, akacheka kicheko kibaya. "Kesho tunaenda Sakania, kwa baba yake. Kule bantu banakaa mu nyumba ya udongo. Haina historia."

"Syntiche, mutoto amenizoea."

"Hata ukuta ulimuzoea."

Saa za jioni wana-shirika walifika na rozari zao, wakakuta viti vimepangwa uani, katika matope. Djo akauliza kama ndani kuna maiti. Pierre akamwonyesha mlango. Mlangoni pake, gundi ikiwa bado mbichi, palikuwa na karatasi ya njano: HATARI.

Akapiga ishara ya msalaba, akaanza sala yake ya kila siku. "Bwana, fungua macho yao..." Sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika palepale. Watu wakafungua macho, kwa sababu hawakuwa wamewahi kumsikia Pierre akikosa maneno.

Basi akawaeleza yote: rangi ya mabehewa, swali la Zakari, lile neno "ya familia", doa nyuma ya kiti. Alipomaliza, Mama Agnès ndiye aliyesema wa kwanza.

"Kwa hiyo miye nikalala mu sanduku, na weye ukalala mu wagon."

Mtu mmoja akacheka, akaona aibu, akanyamaza.

"Niko na haki ya kutukanwa, Mama."

"Nitakutukana kesho, sasa hatuna nafasi." Agnès akamgeukia Syntiche, aliyesimama kando na mtoto mgongoni. "Mwanangu, Sakania ya nini? Docteur na maabara ziko hapa. Kwangu kuta zote ziko na triplex, papa yako alinilazimisha. Mulale kwangu, na Imani ataona babu yake kila asubuhi, ila huku uani."

Syntiche hakumtazama Agnès. Alimtazama baba yake.

"Na ule ukuta? Mwaka kesho nitaukuta vilevile, na maua mbele yake. Uahidi kwanza, Papa, ndipo tutabakia. Hawa bote basikie."

Pierre akasimama, akaweka mkono kifuani, akasafisha koo, akaanza kwa Kifaransa cha ofisini. "Moi, Pierre, je m'engage, conformément au règlement..."

"Ee, Papa!" Agnès alimkatiza. "Kwangu ulinisumbua na Kiswahili. Ahidi na Kiswahili."

Mtoto mgongoni aliinua kichwa aliposikia sauti ya babu yake. Pierre akamtazama yeye, wala hakuwatazama tena wale watu.

"Miye Pierre, mutoto wa Mumba, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu bote: kesho asubuhi, Djo ananisaidia, tunafuta vumbi na maji, tunafunika ukuta wa baba yangu na triplex, bila kukwangua, bila fagio. Imani haingii tena mule mpaka Zakari arudie na mashine yake, na leo hii namupigia telefone, namwambia rangi ilitoka wapi. Na siku mukinisikia naita ile sumu urithi, munifunge mudomo, hata kama niko nasali."