Sevu ya Mama Geti

Aliitwa Mama Geti kwa sababu nusu ya mageti ya mtaa ule yalitoka mikononi mwake. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mwenye bega la kubeba chuma kirefu peke yake bila kuhema. Kila Jumamosi alicheza tenisi na wifi yake, karani wa benki, na kila Jumamosi kwa miaka miwili alifungwa. Nguvu alikuwa nazo tele. Kilichomwangusha ni sevu, ule mpigo wa kuanzisha pointi. Wa kwanza ulijaa kwenye neti, wa pili uliruka uzio.

"Wifi, mimi nikija hapa nasimama tu," karani alimtania. "Pointi unaniletea mwenyewe, kama mgeni mwenye adabu."

Mama Geti alicheka, lakini moyoni utani ule ulimkera. Jumatatu, kabla ya kufungua karakana, alikwenda kwa kocha wa uwanja waliochezea, mwanamke mfupi asiyejua kupandisha sauti. Kocha akatazama sevu tano, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe raketi."

Mama Geti alidhani ataonyeshwa mfano. Kocha akaitia kwenye begi, akafunga zipu. Akachukua chaki, akachora mduara wa ukubwa wa sahani, mbele kidogo ya mguu wa kushoto wa mwanafunzi wake.

"Rusha mpira juu kwa mkono wa kushoto, kisha uuache. Nataka udondoke humu."

"Basi?"

"Basi."

Wa kwanza ulimwangukia utosini. Wa pili ulienda nyuma. Kati ya mipira thelathini, minne tu ndiyo iliyoingia.

"Kocha, nimekuja kujifunza kupiga," alisema, amekunja uso. "Kurusha mpira hata mtoto wa chekechea anaweza."

"Nikuulize, dada. Mtu akija kwako kujifunza kuchomelea, siku ya kwanza unampa geti?"

"Ili aniharibie? Nampa kipande cha chuma chakavu, apige mistari mpaka mkono utulie."

"Mistari tu? Haungi kitu?"

Mama Geti akainama kuokota mpira.

Asubuhi ile kocha aligundua kwamba mwanafunzi wake alikuwa akiutupa mpira kwa vidole na kukunja kiwiko. "Ushike kama kikombe kilichojaa maji. Inua mkono mzima, uachie ukifika usawa wa macho." Wiki nzima Mama Geti alifanya hivyo karakanani, katikati ya mageti, wateja wakimshangaa. Ijumaa aliingiza ishirini na sita kati ya thelathini.

Wiki ya pili, bado bila raketi, alitupa mipira mikuukuu kwa mkono wa kulia ivuke neti na kufika ukuta wa mbali. Hapo bega lake lilifurahi. Wiki ya tatu raketi ilitoka begini, lakini aliruhusiwa kuanzia katikati ya mpigo tu, raketi ikiwa tayari mgongoni. Wiki ya nne kocha akasema, "Sasa unganisha." Sevu ya kwanza iliyounganishwa ilitoa mlio ambao Mama Geti hakuwahi kuusikia kutoka kwenye raketi yake. Kocha alitabasamu.

Jumamosi ilipofika, mume wake ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mwamuzi. Mkewe upande mmoja, dada yake upande wa pili.

"Leo sina dada wala mke," alitangaza. "Nina mistari tu."

Walikwenda bega kwa bega hadi Mama Geti akafikisha gemu tano kwa nne, na sevu ilikuwa yake. Katika gemu hii alikuwa mbele kwa pointi, arobaini kwa thelathini. Ikibaki pointi moja ashinde seti, mpira wake wa kwanza ukagonga neti; alibakiwa na sevu moja tu.

Karani akasogea mbele hatua mbili, akitarajia mpira dhaifu.

Mama Geti akavuta pumzi. Hakuifikiria sevu nzima, aliufikiria mkono wa kushoto peke yake. Akarusha, na mpira ukaegemea nyuma. Zamani angeupiga hivyo hivyo. Safari hii aliuacha ushuke, akaudaka; kanuni zinaruhusu kurusha tena.

"Umeogopa, wifi?"

"Huo ulikuwa mbovu. Ngoja nikupe mzima."

Akarusha tena. Mpira ukapanda wima, na raketi ikaukuta juu kabisa. Karani, akiwa amesogea mno, aligusa kwa ukingo wa raketi tu, mpira ukaenda kulala kwenye uzio.

"Ndani!" mwamuzi alipiga kelele, akasahau mara moja kwamba hakuwa na mke.

Karani alibaki ameduwaa, kisha akavuka upande wa pili, akamkumbatia wifi yake kwa nguvu. "Umenifunga kihalali," alisema. "Lakini upande wako wa kushoto bado ni mlango wazi, na Jumamosi nitapita hapo."

"Najua," alijibu Mama Geti. Alikaa kwenye benchi, akachukua simu na kumwandikia kocha: *Jumatatu nakuja. Sasa ni zamu ya upande wa kushoto. Nianze na kipande gani?*